Ile Damu Ilisema Nini?

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wangu, akina mama wa vikundi, madaktari na wauguzi wenzangu, maafisa ugani, na ninyi wanafunzi mliopewa viti vya juani kule nyuma: itifaki imezingatiwa. Mbukwenyi!

Mshereheshaji kanipa dakika ishirini, na namwona anatazama saa hata kabla sijaanza. Nitajitahidi.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari kijana, tulikwenda kwenye mkutano wa kijiji kimoja, si mbali sana na hapa Kongwa, kuomba watu washiriki utafiti wa magonjwa ya ini. Tulikuwa na fomu za ridhaa, tulikuwa na masanduku ya barafu, kila kitu tayari. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia, akasema: "Mwanangu, mwaka juzi walikuja wenzako. Walinitoa damu chupa mbili, wakachota na kopo moja la mahindi ghalani kwangu. Ile damu ilisema nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Utafiti ule niliujua. Matokeo yake yalikwishaandikwa, tena kwa Kiingereza safi, kwenye jarida ambalo hata mimi nililisoma kwa kuazima. Yeye aliyetoa damu na mahindi hakuambiwa lolote. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumstahi mgeni asiaibike, na mwenyekiti akasema "tuendelee na ajenda". Tukaendelea. Siku ile watu wengi walikataa kusaini, na mimi njiani nikawa nalaumu elimu ndogo ya wanakijiji.

Wazee wetu walikuwa na neno mumiani. Wengi wenu mmetishwa nalo utotoni: mtu wa usiku, anakamata watu, anawanyonya damu, damu inauzwa ifanywe dawa. Wenzangu wa hospitali wakilisikia neno hili hulitupa kapuni pamoja na ushirikina mwingine. Mimi siku hizi nalisikia kama lalamiko lililokosa ofisi ya kupelekwa. Mtu amekuja na gari, amechukua damu yangu, amekwenda nayo, hakurudi. Utamwitaje?

Leo ni tarehe 28 Julai, Siku ya Homa ya Ini Duniani. Siku hii imewekwa kwenye tarehe aliyozaliwa Baruch Blumberg, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1976 kwa kuvumbua kirusi cha homa ya ini B. Na alikivumbuaje? Kwa damu za watu. Yeye na wenzake walikuwa wakilinganisha damu kutoka pembe mbalimbali za dunia, wakitafuta jambo jingine kabisa la urithi, ndipo damu ya mwenyeji mmoja wa asili wa Australia ikaonyesha kitu wasichokitegemea. Wakakiita kitu hicho antijeni ya Australia. Miaka michache baadaye ikajulikana kwamba ni gamba la nje la kirusi. Chanjo mnayowapelekea watoto kliniki, ile ya wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, ndani yake mna kinga ya homa ya ini B, na mwanzo wake ni damu ya mtu yule ambaye jina lake halisherehekewi leo.

Sasa niseme habari ya ini lenyewe, kwa sababu bila kulielewa tabia yake hamtaelewa kwa nini sisi watafiti tunakuwa wasumbufu.

Ini ni kiungo cha kilo moja na nusu hivi, kimejificha chini ya mbavu za kulia. Kiswahili kinakipa heshima kubwa: maneno makali yanakata maini. Lakini ini lenyewe likikatwa halisemi. Nyama yake ya ndani haina mishipa ya kuhisi maumivu. Linaweza kuliwa na kirusi kwa miaka thelathini huku mwenyewe analima, anazaa, anacheza ngoma. Siku linaposema, linasema kwa macho ya njano, tumbo lililojaa maji, au beseni la damu iliyotapikwa. Tunapenda kuwaambia watu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa ini, methali hiyo inamwonea mgonjwa. Yeye hakuficha chochote, alifichwa.

Mtoto akiambukizwa homa ya ini B na mama yake wakati wa kuzaliwa, katika watoto kumi kama hao tisa hubaki na kirusi maisha yao yote. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida mwili wake unakifukuza. Wanaobaki nacho hawafiki watano katika mia. Kwa hiyo saratani ya ini inayomuua mwanamume wa miaka arobaini na tano mara nyingi ilipandwa siku aliyozaliwa. Haya, niambieni: utafiti wa ugonjwa wa namna hiyo utaufanya kwa wiki mbili?

Palmer Beasley, daktari wa Kimarekani aliyefanya kazi Taiwan, alifanya jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaona halina hata utaalamu. Yeye na wenzake waliwapima damu watumishi wa serikali, wanaume 22,707, wakatenga wenye kirusi na wasio nacho, halafu wakasubiri. Wakati huo wakubwa wengi wa tiba walikuwa hawajakubali kwamba kirusi kinaweza kuwa chanzo cha saratani ya ini. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1981, waliopata saratani hiyo walikuwa 41. Katika hao 41, wenye kirusi walikuwa 40.

Rudieni kuisikia hesabu hiyo: arobaini kati ya arobaini na mmoja. Na siri yake haikuwa mashine. Siri ilikuwa daftari. Watumishi wale walikuwa na bima ya serikali, kwa hiyo akiugua mtu ilijulikana, akifa ilijulikana na sababu yake iliandikwa. Kwetu, mgonjwa wangu akihamia Mbeya nimempoteza. Akifia nyumbani, anazikwa alasiri, na daftari langu linabaki limeandikwa "hakurudi".

Ndugu zetu wa Gambia walianza mwaka 1986 na zaidi ya watoto 120,000. Chanjo ya homa ya ini B ilienezwa nchini kwa awamu, eneo baada ya eneo, hivyo baadhi ya watoto wakaipata mapema na wengine wakazaliwa kabla haijafika kwao. Kazi iliyobaki ni kuangalia miaka nenda miaka rudi nani atapata saratani ya ini. Walioanzisha kazi hiyo wakiwa vijana wamezeeka nayo. Ndiyo mwendo wa ini.

Sasa tuje ghalani.

Hapa Kongwa sina haja ya kuwafundisha habari za karanga. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta hapa kwa ule mpango wao mkubwa wa karanga, na kufika 1951 walikuwa wameshaukunja, wakatuachia vyuma chakavu na hadithi za kuchekesha. Miaka tisa baadaye, karanga zikawacheka tena, safari hii kwao nyumbani. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ukafuata chakula chao, ukafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na ndani ya mashudu wakakuta sumu inayotengenezwa na kuvu. Sisi tunaiita sumukuvu, na mniwie radhi wataalamu, jina letu ni zuri kuliko la kigeni, aflatoksini, maana linajieleza lenyewe.

Swali likaja: kama inaua ini la bata, ini la mtu je? Hapo ndipo Afrika Mashariki ilipoingia, na ningependa vijana mlijue hili, maana vitabu vyenu vinawapa picha kwamba sayansi huwa inatokea kwingine ikija huku kugawiwa. Uganda, mwaka 1966 na 1967, walikusanya sampuli 480 za vyakula, wakakuta karibu tatu katika kila kumi zina sumukuvu, na Karamoja, kulikokuwa na saratani ya ini nyingi zaidi, ndiko kulikokuwa na sumu nyingi zaidi. Kenya, wilaya ya Murang'a, watafiti wawili, Peers na Linsell, walikwenda mbali zaidi. Hawakupima mahindi ya sokoni. Walipima chakula kilichokwishapikwa, kinachosubiri kuliwa, nyumba kwa nyumba, nyanda za juu, za kati na za chini. Kadiri walivyoshuka bondeni kwenye joto, sumu ilizidi, na saratani ya ini ilizidi. Walichapisha mwaka 1973. Kanuni nyingi za dunia juu ya sumukuvu katika chakula cha binadamu zina deni kwa wanawake wa Murang'a waliofunua sufuria zao wageni wakachota.

Lakini kazi ile ilikuwa na tundu, na maafisa ugani mtaliona haraka kuliko madaktari. Walilinganisha eneo na eneo, hawakulinganisha mtu na mtu. Bondeni kuna joto, kuna malaria, kuna umaskini wa aina yake, na huenda kuna homa ya ini B zaidi. Utajuaje kwamba ni sumu, siyo kirusi?

Jibu lilitoka Shanghai. Wanaume 18,244 walitoa damu na mkojo kati ya 1986 na 1989, vikahifadhiwa kwenye baridi. Ini linapoivunjavunja sumukuvu, mabaki yake hutoka na mkojo, kwa hiyo mkojo uliogandishwa ni shahidi wa mtu alikula nini. Wakasubiri. Wenye dalili za sumukuvu tu walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara tatu na kitu kuliko wasio na lolote. Wenye kirusi tu, mara saba. Wenye vyote viwili, mara 59. Si saba jumlisha tatu. Sumu na kirusi havijumlishwi, vinazidishana. Anayekula mahindi yenye kuvu huku ana kirusi na hajui, huyo ndiye tunayemtafuta usiku na mchana, na anaweza kuwa amekaa hapa mbele yangu anapepea gazeti.

Mwaka 2004 jambo hili lilitoka kwenye majarida likaingia jikoni. Ukambani, Kenya, Makueni na Kitui hasa, watu walianza kufika hospitali macho yakiwa ya njano. Walioripotiwa ni 317, waliokufa 125. Wachunguzi walifanya kitu rahisi kukieleza: walichukua wagonjwa 40, na kwa kila mgonjwa wakatafuta watu wawili wazima kutoka vijiji hivyohivyo, jumla 80. Wakawauliza maswali yaleyale, wakapima mahindi ya nyumba zao, wakapima damu. Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na sumu nyingi mno kuliko ya majirani. Waliohifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba waliugua zaidi. Na kirusi cha homa ya ini B kilionekana kwa wagonjwa kuliko kwa wazima, kama vile Shanghai walivyotuambia.

Na kwa nini watu walihifadhi mahindi mabichi ndani, sakafuni? Kwa kuogopa wezi. Mwaka wa njaa, mahindi ya kwenye kichanja hayalali salama. Daktari anayewaambia wakulima "kausheni vizuri, wekeni nje" bila kusikia habari ya wezi anapoteza pumzi yake.

Miaka kumi na miwili baadaye, 2016, ikawa zamu yetu. Dodoma hii na Manyara. Wagonjwa 68, vifo 20. Wapo hapa waliozika mwaka ule. Sitasema zaidi ya hapo.

Nigeuke kidogo kwa wauguzi na wanafunzi wa udaktari. Mkulima anajua utafiti kuliko sisi. Afisa ugani akitaka kujua kama mbolea mpya inafaa, anakata shamba vipande, kipande kina mbolea, kipande hakina. Na hawezi kuweka yenye mbolea bondeni kwenye unyevu na isiyo na mbolea mlimani kwenye changarawe, maana utamwona ni tapeli. Sisi madaktari tulifanya utapeli huo miaka mingi, tena kwa nia njema. Dawa tuliwapa wagonjwa tuliowaona wana matumaini, kisha wakipona tunaisifu dawa. Dawa ya kosa hilo ni bahati nasibu: kura ndiyo iamue nani apate dawa na nani apate kidonge kisicho na dawa, na hata daktari asijue kura ilisemaje.

Nilifanya mafunzo yangu Kanda ya Ziwa. Kule usiku hauishi bila mtu kuletwa anatapika damu. Ndugu zake wamekaa kimya kwenye benchi wakiona aibu, kwa sababu mtaani imeshaamuliwa kwamba ni pombe. Wengi hawajawahi kuonja pombe. Ni kichocho cha tumbo. Mtu amekulia ziwani, anaoga ziwani, anavua ziwani. Mayai ya minyoo yamekwama kwenye matawi ya mshipa mkubwa unaoingia ini, yamejenga makovu, damu imekosa njia, imerudi nyuma na kuvimbisha mishipa ya koo la chakula hadi ikapasuka. Cha ajabu, nyama ya ini lenyewe mara nyingi bado inafanya kazi vizuri. Ukizuia damu isimuue usiku ule, huyo ana miaka mingi mbele.

Sasa usiku ule tulikuwa tunampa nini? Pamoja na mengine, asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia donge la damu lisiyeyuke. Inasaidia kwa majeruhi wa ajali, inasaidia kwa wazazi wanaotoka damu. Tukasema itasaidia na hapa. Akili ilikubali, mkono ulikubali. Nimeichoma mimi mwenyewe mara nyingi, nikajiona nimefanya kitu. Likaja jaribio kubwa liitwalo HALT-IT, wagonjwa 12,009 katika nchi 15, kwa kura. Majibu yalitoka 2020. Waliopewa dawa, waliokufa kwa kutoka damu ndani ya siku tano walikuwa wanne katika mia. Waliopewa maji ya chumvi yasiyo na dawa, wanne katika mia. Na donge la damu kuziba mishipa ya miguu au mapafu liliongezeka maradufu kwa waliopewa dawa, kutoka nne katika elfu hadi nane.

Nilisoma majibu yale usiku, nikakaa kimya muda mrefu. Watu 12,009 waliletwa wakiwa wanatoka damu, wao au ndugu zao wakakubali kura, na kwa kukubali kwao mimi nimeacha kuchoma sindano isiyo na faida. Hawa hawajengewi sanamu. Na hapa niseme wazi: jaribio lililoonyesha kwamba dawa haifai si jaribio lililoshindwa. Wafadhili wengine hawapendi kusikia hivyo.

Nina kosa jingine la kukiri, na hili ndilo lililonileta kwenye hotuba ya leo.

Nilikuwa na mgonjwa, kijana dereva wa bodaboda, ana homa ya ini B. Nilitaka kujua kama ini lake limeanza makovu. Njia ya hakika ni kuchoma sindano kunyofoa kipande cha ini, au mashine ya mawimbi inayopima ugumu wake. Pale nilipokuwa hatukuwa na moja wala nyingine. Tulikuwa na kanuni ya karatasi iitwayo APRI. Unachukua kimeng'enya cha ini kiitwacho AST, unagawa kwa kiwango cha juu cha kawaida, unagawa tena kwa chembe sahani za damu, unazidisha kwa mia. Yake ilikuwa AST 60, kawaida 40, chembe sahani 165. Vijana wa sekondari, fanyeni hesabu. Inatoka 0.9. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 ulisema namba ikizidi 2 huyo ana makovu mazito, aanzishiwe dawa. Sasa 0.9 na 2 wapi na wapi. Nikampongeza, nikamwambia arudi baada ya mwaka. Alirudi baada ya miaka minne, amebebwa, tumbo limejaa maji.

Namba 2 ilitoka wapi? Kanuni ya APRI ilitungwa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 2003, kwa wagonjwa wa homa ya ini C. Kirusi kingine, bara jingine, chakula kingine, na sina shaka hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kichocho. Tuliichukua kama fundi anayechukua vipimo vya mteja wa jana kumkatia suti mteja wa leo. Ilichukua miaka ishirini hadi 2023, watafiti walipokusanya kumbukumbu za wagonjwa 3,548 wa homa ya ini B kutoka vituo 12 katika nchi 8 za Afrika kusini mwa Sahara, wakapima kanuni ile kwa watu wake wenyewe. Wakakuta kwamba ukitumia namba 2, katika wagonjwa mia moja wenye sirosisi, yaani ini lililokwishakuwa kovu, unawaona kumi na sita au kumi na saba. Waliobaki unawapongeza unawarudisha nyumbani. Walipendekeza namba ishushwe hadi 0.65. Mwaka uliofuata mwongozo wa dunia nao ukashusha: APRI ikizidi 0.5, fikiria dawa.

Kijana wangu alikuwa na 0.9.

Na dawa yenyewe ni tenofovir, ile ile iliyo ndani ya vidonge vya ARV, inayotolewa bure kwenye kliniki ya VVU. Nimewahi kumwona mgonjwa wa homa ya ini B pekee akiambiwa akanunue mtaani kidonge ambacho kilikuwa kimejaa kabatini mlango wa pili, kwa kuwa kabati lile lilikuwa la mradi mwingine. Hiyo nayo ni hadithi ya siku nyingine, na ina wenyewe.

Ninachotaka mkibebe ni hiki: zile kumbukumbu 3,548 hazikutoka kwenye maabara ya ajabu. Ni watu waliorudi kliniki. Walipangiwa tarehe, wakapanda daladala, wakarudi, karani akaliona jalada lao na hakulipoteza. Anayerudi mara tano ana thamani kwa utafiti kuliko mashine mpya, na sisi tunamlipa kwa foleni ya saa sita na daktari anayesema "mbona umechelewa".

Basi kama tunataka arudi, na sisi turudi. Siku hizi, kabla sijasaini kushiriki utafiti wowote, nauliza ukurasa wa bajeti: wapi pameandikwa nauli ya kurudi kijijini kuwaambia watu majibu? Mara nyingi hapajaandikwa. Ipo pesa ya ndege ya barafu kwenda ng'ambo, ipo pesa ya mkutano hotelini, nauli ya kurudi kijijini haipo. Kamati za maadili zinazopitisha tafiti zetu zinaweza kulisimamia hili kesho asubuhi. Na ninyi wanavijiji mna haki, kabla ya kusaini, kuuliza mambo matatu: mnachukua nini, mtakipeleka wapi, na mtarudi lini. Asiyejibu la tatu mwambieni asubiri.

Yule mzee nilimrudia. Ilinichukua miezi kadhaa kupata ruhusa na kuitafuta namba yake kwenye orodha, maana kwenye karatasi zetu hakuwa na jina, alikuwa namba. Nilimkuta anapura mtama. Nikamwambia damu yake haina kirusi, akafurahi. Halafu nikafungua karatasi ya pili, ya lile kopo la mahindi. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 za sumukuvu katika bilioni. Ya kwake ilikuwa imevuka mbali.

Akanitazama kwa muda. Akasema, "Mwanangu, mahindi hayo tulishayala. Yaliyobaki tuliyapeleka sokoni Kibaigwa, yakanunuliwa."

Sasa, mlipoingia asubuhi wengi mliacha kopo la mahindi au karanga kwenye ile meza ya langoni, na mmeandikiwa namba pamoja na simu zenu. Vipimo vya sumukuvu tumekuja navyo safari hii, na vijana wameshaanza kazi. Majibu ya damu mtaambiwa leo leo, kila mtu peke yake, ndani ya hema, kabla hamjaondoka. Ya mahindi mtapigiwa simu mmoja mmoja, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Namba itakayowapigia ni ya kwangu. Msiuze kabla ya Ijumaa.

Ahsanteni.